Kila Neno na Kwao

Neno la Kiingereza likifika kwenye baraza ya Mwalimu Rigobert, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, haliingii hivi hivi. Kwanza linaulizwa kwao ni wapi, nani alilizaa, lilipitia nchi gani, na huko njiani lilibadilisha jina mara ngapi. Maofisa wa mpakani Kasumbalesa hawamhoji msafiri kwa ukali huo. Likishajibu yote, mwalimu huliandika ubaoni kwa chaki, hulitazama kwa mapenzi, halafu husema, "Voilà. Sasa tunaweza kuitumia." Na kwa kawaida hapo saa ya somo inakuwa imekwisha.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Rigobert alibishana na wahenga hao miaka thelathini na minane, katika madarasa ya sekondari yenye wanafunzi sitini sitini, na sijui nani alishinda. Alipostaafu alitundika kibao kwenye geti lake, akapata wanafunzi kumi na mmoja. Kisha huko mjini kikafunguliwa kituo chenye viyoyozi na masomo ya kwenye simu. Wanafunzi wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake. Akabaki Claudine.

Niseme mapema, maana haitafichika: Rigobert alikuwa mpweke. Germaine, mke wake, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mtoto mmoja alikuwa Kolwezi, mwingine Kinshasa, nao walipiga simu mwaka mpya na kukiwa na msiba. Alikuwa akijipikia mwenyewe, na kila jioni bukari, yaani ugali, ilizidi, kwa sababu mikono yake haikujua kusonga ya mtu mmoja. Aliila amefunga mlango. Katika mji ule, mtu anayekula peke yake husemwa vibaya, hata kama hana wa kula naye.

Lakini Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi kamili, Claudine alifika. Siku hizo Rigobert alinyoa ndevu.

Claudine alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Lubumbashi, mtoto wa wazazi wa Kasai. Aliuza nguo za watoto sokoni. Mume wake, Élie, fundi wa malori, alikuwa Lusaka mwaka wa tatu sasa, na mpango wao ulikuwa mmoja tu: Claudine amfuate pamoja na binti yao Abigaïl, mwenye miaka sita. Élie alikuwa amempatia kazi kwa mama mmoja mwenye duka la nguo, ila mama yule alitaka mtu wa kuongea na wateja kwa Kiingereza. Kwa hiyo Claudine alikuja kwa Rigobert, na Rigobert akamwambia, "Miezi sita tu." Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne.

"Leo tuko na window," alisema mwalimu siku moja, akipangusa ubao kwa kitambaa. "Hii neno haikuzaliwa ku Uingereza. Ilitoka ku bantu ya baridi, kule juu kabisa, benye kusafiri na mashua. Beko banasema: jicho ya mupepo. Vioo haikukuwa. Kulikuwa tu tundu mu nyumba, mupepo inaangalia ndani."

"Jicho ya mupepo," Claudine alirudia, akiandika. "Ni muzuri, Prof. Mais lakini ule mama ya Lusaka hataniuliza juu ya madirisha. Ataniuliza kama hii robe iko na rangi ingine."

"Itakuya, Claudine. Polepole."

Na ilikuwa nzuri kweli, siwezi kumnyima hilo. Alimweleza kwamba jina la Kiingereza la shaba limetokana na kisiwa cha Kupro, huko baharini mbali, na Claudine akacheka hadi akashika ubavu: shaba yote hii ya Katanga, na bado inaitwa kwa jina la watu wengine! Alimweleza kwamba neno "nice," ambalo leo ni sifa, hapo zamani lilikuwa tusi la kumwita mtu mjinga asiyejua kitu. Claudine akauliza kama na watu hubadilika hivyo. Rigobert akajibu kwamba watu ndio wa kwanza.

Kosa moja alilifanya mapema. Katika kutania aliuliza, "Na weye, Claudine, kwenu ni wapi?"

Kalamu ya Claudine ilisimama.

"Prof, mi nilizaliwa hapa. Mama yangu alinizaa hapa. Mais mu hii muji, muntu akikuuliza kwenu ni wapi, kwanza unaangalia mulango iko wapi."

Rigobert hakuhitaji kuelezwa. Baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka Kabalo, Katanga hii hii, na Rigobert mwenyewe alikuwa ameiona stesheni ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilipojaa familia za Kasai zilizofukuzwa, zikilala juu ya mizigo zikisubiri treni. Alikuwa amepita kando, ameshika begi lake la vitabu. Aliona aibu ya zamani ikipanda upya kifuani.

Alhamisi iliyofuata alileta neno "companion." Alisema ni wazungu wa Roma walioanza kuliunda: mwenzako ni yule mnayekula naye mkate. "Hawakuuliza anatoka wapi," alisema bila kumtazama. "Waliangalia tu kama munakula pamoja." Claudine alielewa kwamba ameombwa msamaha. Tangu siku hiyo palikuwa na chai kwenye baraza, vikombe viwili, mchana kweupe, majirani wakiona.

Sasa nifike kwenye ubaya wa mwalimu, maana anao. Claudine hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa mwepesi kuliko wengi waliopita mikononi mwa Rigobert. Kufikia mwezi wa tatu angeweza kufundishwa mazungumzo ya dukani, bei, saizi, rangi, samahani mama, karibu tena, yote kwa wiki tatu. Rigobert alijua hivyo. Kila alipomwona anakaribia kujua vya kumtosha, alifungua neno jingine lenye ukoo mrefu, kama mtu anayemjazia mgeni kikombe kabla hakijaisha ili asinyanyuke. Akilala alijiambia kwamba anampa msingi. Msingi, msingi, na nyumba haikujengwa.

Mwezi huo wa kumi na nne, Claudine alifika akihema, simu mkononi. Mama wa Lusaka alikuwa amechoka kungoja. Angepiga simu baada ya wiki mbili, aongee na Claudine mwenyewe. Akiridhika, Claudine aje. Asiporidhika, kulikuwa na msichana mwingine anayeitaka nafasi ile. Na Élie alikuwa amesema, kwa sauti ambayo Claudine hakuizoea, kwamba hajui tena huko Kamalondo wanasoma nini.

"Tujaribu," alisema Rigobert. "Mi niko ule mama. Nauliza, unajibu."

Akauliza kwa Kiingereza swali la kwanza, jepesi: umefanya biashara miaka mingapi? Claudine akafungua mdomo. Alijua neno "year" lilizaliwa wapi. Alijua ndugu zake wa Kijerumani. Sentensi haikutoka. Akauliza la pili, halafu la tatu. Kwa la nne Claudine alifunika uso kwa viganja akalia, pale pale kitini, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

"Prof, miezi kumi na ine! Niambie bukweli. Ni kichwa yangu njo mubaya?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Rigobert aliona mahali hapo waziwazi kama mlango. Akaishika chaki.

"Tutaenda mbio," alisema. "Kuya kila siku."

Akafuta ubao wote. Kwa wiki mbili hakuna neno lililoulizwa kwao. Aligeuza baraza kuwa duka, akatundika nguo kwenye kamba, akawa mteja mkorofi, mteja mwenye haraka, mteja asiyejua anachotaka. Claudine aliuza kila kitu. Alikosea, akarudia, makosa yakapungua, na siku ya tisa alimjibu mteja mkorofi kwa mzaha ambao hakufundishwa. Rigobert alicheka, kisha akaingia ndani akasimama kando ya meza ya jikoni mpaka kifua kilipotulia. Kama siku hizo zingekuwa mbaya angevumilia kwa urahisi zaidi. Zilikuwa wiki mbili tamu kuliko miezi yote, na zilikuwa zinamwondoa Claudine.

Mama wa Lusaka alipiga simu Alhamisi. Waliongea dakika ishirini. Claudine alikimbia kutoka sokoni kuja kumwambia mwalimu, jasho usoni, kanga imelegea, akitamka maneno mawili ya Kiingereza na matatu ya Kifaransa kwa wakati mmoja. Kazi ni yake. Safari ya basi ni Jumatatu.

"Ngojea," alisema Rigobert.

Aliingia chumbani akafungua sanduku la Germaine. Chini kabisa palikuwa na kitenge kimoja ambacho hakikushonwa, cha bluu na maua ya rangi ya mahindi. Alikuwa amemnunulia Germaine wiki mbili kabla ya ugonjwa, na Germaine hakuwahi kukivaa hata mara moja. Alikikunja, akakifunga kwa gazeti, akatoka nacho.

"Hii ni ya weye. Ukifika kule uishone."

Claudine alitazama kile kifurushi, kisha akatazama barabarani, kisha akamtazama mzee. Mikono yake ilichelewa kidogo. Halafu akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaondoka bila ya shangwe aliyokuja nayo. Rigobert alidhani ni huzuni ya kuagana, na moyo wake, masikini, ukafurahi.

Jumamosi saa kumi aliweka vikombe viwili kwa mazoea, ingawa somo halikuwepo. Geti likagongwa. Aliingia Claudine, na mbele yake mama mkwe wake, Mama Ngalula, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe cha kanisani na mwendo wa mtu asiyeharakishwa. Claudine alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti. Macho yalikuwa mekundu.

Mama Ngalula alikataa chai, akakaa.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu. Sikukuya kugombana. Nilikuya kuuliza. Ku sisi bantu ya Kasai, mwanamuke mwenye bwana hapokeake kikwembe ku mwanaume mwingine. Kikwembe ni kintu ya mwili. Akipokea na akinyamaza, iko tshibawu, ile laana ya mila. Haipigi yeye. Inapiga bwana yake ao mutoto yake."

"Mama, mi sikujua."

"Najua haukujua. Yeye alijua." Alimwonyesha Claudine kwa kidevu, bila ukali. "Alipokea juu ya heshima, juu weye ni mwalimu na ni muzee. Alificha siku mbili. Abigaïl eko na homa tangu jana. Ku centre de santé banasema malaria, croix mbili, ya nguvu. Dawa anakunywa, ku kanisa tunaomba. Mais Jumatatu njo safari, na mi siwezi kumupandisha mutoto mu bus kama sijajua."

Miaka sitini na saba Rigobert aliishi katika mji huu ukuta kwa ukuta na watu wa Kasai. Neno tshibawu alilisikia mara mia juu ya ua, katika ugomvi wa jirani, katika misiba. Yeye aliyemsumbua kila mgeni wa Kiingereza kwa maswali, neno la jirani hakuwahi hata kuliuliza hali.

"Nakuuliza kintu moja," alisema Mama Ngalula. "Ulimupatia na roho gani? Roho ya baba, ao roho ya mwanaume? Na useme yote. Hii kintu ukisema nusu, nusu yenye kubakia njo inaleta kifo."

Jibu lilikuwa jepesi. Roho ya baba. Maneno matatu, na wote wangepumua, angebaki Prof, angeombwa dua ya safari njema akapungiwa mkono Jumatatu. Claudine alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa yakimwomba aseme hivyo. Rigobert hakuamini kwamba kitenge kinaleta malaria. Mbu huleta malaria, hilo alilifundisha kwa lugha tatu. Lakini mtoto mwenye homa hakuwa wake, na hatari, kama ipo, haikuwa yake kuichezea. Ulimi ulikataa.

"Mama, haikukuwa ya baba," alisema. "Na haikukuwa ya mwanaume mwenye kutamani bibi ya mwenzake, hapana, Mungu anaona. Ile kikwembe ilikuwa ya bibi yangu. Hakuvaaka hata siku moja. Nilitaka ivaliwe na muntu mwenye nazoea kuona. Nilikuwa naogopa. Anaenda, na mi nabakia mu hii nyumba, hakuna hata muntu wa kuniambia Prof."

Mama Ngalula alimtazama muda mrefu. Naye alikuwa mjane, tangu zamani.

"Ile ni bukiwa ya kubakia peke yako," alisema hatimaye, taratibu. "Bukiwa haina tshibawu. Leo tutamwambia Élie ku simu, kikwembe tunakurudishia, itaisha." Akashika magoti yake ili ainuke.

Ingeishia hapo, na wangekunywa chai. Ila Rigobert alikuwa ameambiwa aseme yote, na yeye ni mtu aliyezoea kufika mwisho wa jambo.

"Haijaisha, mama. Iko ingine."

Mama Ngalula akarudi kukaa.

"Miezi sita ilikuwa inatosha. Hata mitatu. Mi njo nilichelewesha. Nilikuwa namupatia hadisi ya maneno juu asimalize, juu akimaliza ataenda. Nilifanya kwa kujua." Akamgeukia Claudine. Jambo lililofuata alilisema kwa upole, akidhani litamfariji. "Kichwa yako haikukuwa mubaya, Claudine. Ilikuwa muzuri tangu siku ya kwanza."

Barabarani mwuza mkate alipita akipiga kengele. Mama Ngalula alimtazama mkwe wake, kisha akatazama chini, kwa maana hili halikuwa tena jambo la mila wala la wakubwa.

Claudine hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu. Kumi na minne utoe sita: miezi minane. Katika miezi hiyo Abigaïl aling'oka meno mawili ya mbele na kuota mengine, na baba yake aliyaona kwenye picha ya simu. Katika miezi hiyo Élie alianza kuongea kwa sauti ile ngeni. Katika miezi hiyo yeye mwenyewe alilala akijiita mjinga, akaamka akijiita mjinga, akaenda sokoni na ujinga wake kichwani pamoja na furushi la nguo.

Kisha akauliza, kwa Kiingereza. Hakuharakisha. Alisema: nililia hapa, kwenye kiti hiki, nikakuuliza kama kichwa changu ni kibovu, na wewe ulijua jibu, kwa nini ulinyamaza?

Kila neno lilikaa mahali pake. Wakati uliopita ulikuwa sahihi, sauti ilipanda pale inapotakiwa kupanda, na hakusita hata mara moja. Mwalimu Rigobert, Mungu amsamehe, kwanza alifurahi. Alifurahi kabisa, kama alivyofurahi kila mara mwanafunzi alipopatia, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kutikisika kwa kukubali kabla swali lenyewe halijamfikia.

Lilipomfikia, alitafuta jibu katika Kiswahili, katika Kifaransa, katika Kiluba cha baba yake, na katika Kiingereza alichokifundisha miaka thelathini na minane. Claudine alimsubiri kwa muda ule ambao mwanafunzi mwenye adabu humsubiri mwalimu wake. Halafu akakiweka kifurushi juu ya kiti, akamshika mama mkwe wake kiwiko, wakashuka ngazi pamoja, na geti wakalifunga polepole.